Nyumba za Wageni za Unguja na Pemba kwa Mwenye Kitabu Mkononi

Chumba kizuri cha msomaji Mji Mkongwe si cha chini na si cha juu kabisa. Ni cha ghorofa ya kati, dirisha linatazama uani, taa iko upande wa kichwani na soketi iko karibu na kitanda. Maua yaliyotandazwa juu ya shuka na picha za majahazi ukutani ni mapambo tu. Marafiki huulizana wapi pa kufikia, kisha huulizana kitabu gani cha kubeba, na maswali hayo mawili yanafaa kujibiwa pamoja. Chumba kibaya kinaharibu kitabu, na kitabu kisicho na mahali pa kusomwa ni mzigo tu begini.

Sababu ya kuchagua ghorofa ya kati iko kwenye ujenzi. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa. Ukuta wa namna hii hunyonya maji kutoka ardhini, na maji yakipanda hupanda na chumvi. Ndiyo maana vyumba vya chini huwa na rangi iliyobabuka hadi usawa wa kiuno, hata kama vimepakwa upya juzi. Kitabu kikiegemezwa hapo, jalada hujikunja na kurasa hushika madoa ya ukungu. Juu kabisa, chini ya bati, tatizo ni jingine: bati hukaangwa na jua mchana kutwa na joto halitoki mpaka usiku mkubwa. Ghorofa ya kati hupata ubaridi wa ukuta mnene bila unyevu wa chini. Ngazi za nyumba hizi ni kali na vidato vyake vyembamba, kwa hiyo ukisafiri na mzee, kubali chumba cha chini na uvitie vitabu kwenye mfuko wa plastiki, juu ya kabati.

Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu dari zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, kwa kawaida kama mita tatu hivi. Ukishatia kitanda cha semadari na kabati, meza haina pa kukaa. Ukiona kwenye picha za mtandaoni chumba chenye kitanda kikubwa, jua utasoma kitandani, si mezani. Kwa hiyo jambo la kupima ni taa.

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapokosea. Taa moja imefungwa katikati ya dari, na pangaboi limening'inia chini yake. Ukiwasha vyote viwili, mapanga hukatakata mwanga na ukurasa huanza kupepesa. Nusu saa tu macho yanauma. Halafu ongeza chandarua. Chandarua cheupe hupunguza mwanga unaoingia, na cha buluu hupunguza zaidi. Ukimwambia mwenye nyumba, atakuletea balbu yenye mwanga mkali zaidi, lakini hiyo haiponyi kupepesa. Dawa ni taa ndogo ya kuchaji, ya kubana kwenye kitabu au ya kuvaa kichwani, ikae ndani ya chandarua pamoja nawe. Mshumaa usiingie ndani ya chandarua kabisa.

Kabla ya kulipa, panda mwenyewe ukakione chumba. Pitisha kiganja ukutani nyuma ya kitanda; kikitoka na unga mweupe, kitanda kisogezwe au uombe chumba kingine. Washa feni na taa pamoja, kaa kitandani, fungua kitabu usome ukurasa mzima. Chomeka chaja. Soketi ni za tundu tatu bapa za Kiingereza, na katika nyumba za zamani nyingi zimelegea: plagi inaingia lakini simu haichaji. Fungua bomba la juu, la kuogea, si la sinki tu. Kisha funga dirisha na usikilize. Dirisha la uani litakupa sauti za jikoni, ambazo hukoma mapema. La uchochoroni litakupa pikipiki na watu wanaozungumza barazani mpaka usiku. Adhana ya alfajiri utaisikia popote utakapolala, maana misikiti imekaribiana sana. Hilo si kasoro ya nyumba.

Kuhusu umeme, Unguja na Pemba hupata umeme kutoka Bara kwa nyaya zilizopita chini ya bahari; wa Pemba unatokea Tanga, tangu 2010. Waya wa Unguja uliharibika mwaka 2008, na tena mwishoni mwa 2009 kisiwa kikakaa kama miezi mitatu gizani. Baada ya hapo nyumba nyingi za wageni zikanunua jenereta. Kukatika kwa siku hizi ni kwa saa chache, lakini swali bado ni lile lile. Usiulize "mna jenereta?" kwa sababu jibu litakuwa ndiyo. Uliza, "Jenereta inabeba nini, na inawashwa saa ngapi?" Mara nyingi inabeba taa za ngazini na friji ya jikoni. Kiyoyozi hakimo. Ukiwa umelipia chumba cha kiyoyozi, bei yako imekaa juu ya kitu kinachozimika mwanzo. Mimi naona chumba cha feni chenye madirisha mawili yanayoelekeana kinafaa kuliko cha kiyoyozi chenye dirisha moja la kioo. Ila katika masika, Machi hadi Mei, kiyoyozi kina faida moja ya kweli: hukausha hewa, na vitabu hupona.

Maji yanafuata umeme. Tangi liko juu ya paa na pampu ndiyo inayolijaza, kwa hiyo umeme ukikatika muda mrefu, kesho yake asubuhi utakuta bomba linatema hewa. Nyumba nzuri huweka ndoo iliyojaa na kata bafuni kila siku, bila kuombwa. Mimi huitazama ndoo hiyo kabla ya kutazama shuka.

Sasa mitaa ya Mji Mkongwe. Malindi iko karibu na bandari, inamfaa anayeshuka na boti jioni au anayeondoka nayo asubuhi. Soko la samaki liko pale pale, na harufu pia. Shangani kuna upepo mzuri wa bahari lakini bei ni za watalii na muziki wa mikahawa huchelewa kuzimwa. Mkunazini na upande wa Darajani ni karibu na kila kitu, na kelele zake ni za soko. Kiponda na Hurumzi, ndani kabisa, ndiko ninakopendekeza kwa msomaji: gari haliingii, jioni hutulia. Gharama yake ni kwamba utabeba begi lako kwa miguu au utamlipa hamali, na mara ya kwanza utapotea. Mwombe mwenye nyumba mtu wa kukupokea mahali ambapo gari hukomea. Vuga ni pa ofisi: mchana magari, usiku kimya.

Atakayelala Malindi abebe "Kuli" ya Adam Shafi, iliyotoka 1979. Ni riwaya ya makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948, na bandari yenyewe utaiona ukitoka mlangoni. Ni fupi, lugha yake nyepesi, na inasomeka hata ukiwa umechoka na safari. Atakayelala ndani ya Mji Mkongwe siku kadhaa abebe "Vuta n'kuvute" ya mwandishi huyo huyo, ya 1999. Yasmini anamkimbia mume mzee aliyeozeshwa, anavuka kwenda Ng'ambo, na siasa za miaka ya 1950 zinamkuta huko. Isome ukiwa na uwezo wa kutembea: toka Mji Mkongwe, vuka Darajani uingie Ng'ambo, uone umbali ulivyo mfupi kwa miguu. Katika riwaya, mwendo ule unabeba tofauti ya kabila, mali na heshima. Kwangu hiki ndicho kitabu cha kwanza cha kumpa mgeni wa Unguja anayesoma Kiswahili, kabla ya ramani.

Onyo moja kuhusu kukinunua. "Vuta n'kuvute" kimesomeshwa skuli, kwa hiyo nakala za mkononi ni nyingi, zimejaa mistari ya penseli na majibu ya mtihani pembeni. Hilo linavumilika. Lisilovumilika ni nakala zilizotolewa kwa mashine ya kurudufia, au zenye fungu la kurasa lililokosekana. Kitabu hushonwa au hugandishwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32, na fungu likikosekana au likirudiwa hutagundua mpaka ufike katikati ya mkasa. Kabla ya kutoa pesa, pitisha kidole gumba kwenye namba za kurasa kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha tazama ukurasa wa mwisho kama umekamilika. Fungua katikati kwa upole: gundi ikilia, kitabu kitaachia kurasa kwenye joto la pwani.

Ukitokea Bara, nunua Dar es Salaam kabla ya kupanda boti. Maduka ya Mji Mkongwe yanajali zaidi vitabu vya picha na vya upishi kwa wageni. Usitegemee kupakua kwenye simu: riwaya nyingi za Kiswahili za miaka ya 1970 na 1980 zipo kwa karatasi tu.

"Peponi" inastahili maneno yake. Ni tafsiri ya Kiswahili ya "Paradise" ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi 2021. Kitabu cha awali kilitoka 1994, na tafsiri ya Ida Hadjivayanis ikatoka 2022. Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili, anatolewa rehani kwa deni la baba yake na kufuata msafara wa biashara kwenda bara. Kwa Kiswahili mazungumzo yake yamerudi kwenye midomo iliyoyasema. Wafanyabiashara wanatambiana na kutaniana kama watu wa pwani. Waliokwisha kukisoma kwa Kiingereza wakisome tena. Kina kurasa za kutosha kwa wiki, na hakifai boti, kwa sababu kinataka utulivu.

Kwenye boti, hasa wakati wa kusi, upepo wa kusini, kati ya Juni na Septemba, usisome chochote. Mkondo wa Pemba una mawimbi makubwa, na macho yakitazama kilichotulia huku mwili unayumba, tumbo hupinduka. Kaa nyuma, chini, utazame mbali. Kitabu kibaki begini, ndani ya mfuko, maana maji ya bahari hufika viti vya nje.

Pemba inadai maandalizi zaidi, na inalipa. Boti za abiria kutoka Unguja hushusha Mkoani, na ratiba yake si ya kila siku kama ya Dar es Salaam. Kwa hiyo fuata mpangilio huu: hakikisha siku ya boti ya kurudi, kisha ukate tiketi, ndipo uweke chumba. Anayeanza na chumba huishia kulipa usiku wa ziada kwa kusubiri chombo. Kutoka Mkoani hadi Chake Chake ni kama kilomita 30, na Chake hadi Wete karibu hivyo hivyo, daladala zipo mchana lakini hupungua jioni. Boti ikichelewa, utahitaji teksi. Mwambie mwenye nyumba mapema ili asikufungie mlango.

Chake Chake inafaa kwa usiku wa kwanza: benki, soko na usafiri viko pamoja. Omba chumba cha nyuma, kwa sababu barabara kuu imepita katikati ya mji na magari huanza alfajiri. Kwa kusoma, Wete ni bora. Mji umetulia, umeshuka polepole kuelekea bandarini, miti ni mikubwa, na nyumba za wageni zina baraza pana ambazo mtu hukaa asubuhi nzima bila kuulizwa anaagiza nini. Vyumba ni vya kawaida: kitanda, chandarua, feni, bafu la maji baridi. Usafi niliouona katika nyumba za Wete ni wa watu wanaofagia kwa sababu wanaishi humo humo.

Chakula ndicho kinachowashinda wageni wa Pemba. Migahawa ya usiku ni michache, na saa mbili usiku unaweza kukuta pamefungwa. Agiza chakula cha jioni wakati unakunywa chai ya asubuhi, kabla ya mpishi hajaenda sokoni, useme samaki au pweza, wali au ndizi, na watu wangapi. Ukisema saa kumi jioni, utapata mayai na mkate wa boflo. Mpishi hana kosa, samaki wa siku hiyo wameshakwisha. Mwezi wa Ramadhani mambo hugeuka: mchana hakuna pa kula hadharani, lakini futari hutengenezwa kwa wingi na mgeni hukaribishwa. Kula na kunywa ufanyie chumbani.

Kitabu cha Pemba ni cha Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa huko huko. "Utengano", ya 1980, ndiyo inayojulikana zaidi kwa sababu ya skuli, na mkasa wa Maimuna na baba yake, Bwana Maksuudi, bado unauma. Kwa anayependa ushairi, "Kimbunga" cha Haji Gora Haji wa Tumbatu kinatosha safari nzima: shairi moja asubuhi, ulitafakari, uwaulize wazee wa barazani maneno usiyoyajua. Wazee wa Wete watakujibu kwa furaha. Utapata maana, na mara nyingi utapata na ubeti mwingine.

Kaskazini, upande wa Makangale na msitu wa Ngezi, malazi ni machache na yako mbali na duka lolote. Nenda na betri iliyojaa, maji ya kunywa, na kitabu kirefu.

Pwani ya mashariki ya Unguja nitaipitia haraka, kwa kuwa imeshaandikwa sana. Baraza za Jambiani na Bwejuu zinatazama mashariki: jua huzipiga tangu linapochomoza hadi adhuhuri, kivuli huja alasiri. Panga kusoma kwako baada ya sala ya adhuhuri. Paje ina muziki usiku. Anayetaka kusoma alale Jambiani. Wakati wa kusi upepo unakuja moja kwa moja kutoka baharini na mchanga huingia kwenye mshono wa kitabu. Kijalidi kwa gazeti, na ukimaliza kikung'ute kichwa chini kabla ya kukifunga, la sivyo chembe zitakwaruza gundi. Maji ya visima vya ukanda huo yana chumvi, sabuni haitoi povu, na usiyatumie kupangusa jalada.

Kitabu kikilowa, usikianike juani. Jalada litapinda na kurasa zitagandamana. Kama ni maji ya bahari, kimwagie kwanza maji baridi kidogo, kikiwa kimefungwa, kuondoa chumvi. Kikamue taratibu kwa viganja bila kukisokota. Weka karatasi za chooni kila baada ya kurasa kumi au ishirini, ukisimamishe mbele ya feni huku kurasa zimeachana kidogo, na ubadilishe karatasi zikilowa. Kikikauka karibu kabisa, kilaze chini ya kitu kizito usiku mzima. Katika masika kazi hii huchukua muda mrefu zaidi, na ukikifunga kingali na unyevu ukungu utakiwahi.

Kwenye bei, uliza kwanza bei ya mkaazi au ya Mtanzania, kisha kama kodi na ushuru wa serikali vimo ndani. Kinachotajwa kwa dola kwenye simu mara nyingi kina bei nyingine kwa shilingi mlangoni. Beba kitambulisho, maana jina lako litaandikwa kwenye daftari la wageni. Baadhi ya nyumba za wenyeji huwataka wanandoa waonyeshe cheti cha ndoa, na hukataa bila kujadiliana.

Rafu za vitabu utazikuta sebuleni kwenye nyumba nyingi, na utaratibu ni chukua kimoja, acha kimoja. Zimejaa Kijerumani, Kiitaliano na Kiingereza. Kiswahili hakuna, katika kisiwa kilichotoa riwaya bora za lugha hii. Acha nakala yako ya pili pale, uandike ndani ya jalada mwezi na mwaka. Mfanyakazi wa mapokezi ataisoma kabla ya mgeni. Zinazofaa kuachwa ni zile zinazopatikana madukani: "Kuli", "Utengano", na hadithi za mpelelezi Bwana Msa za Muhammed Said Abdulla kama "Mzimu wa Watu wa Kale" ya 1960, ambayo humalizika kwa usiku mmoja na humpendeza hata asiyesoma sana. Matoleo ya zamani ya "Kiu" na "Nyota ya Rehema" za Mohamed Suleiman Mohamed msiyaache rafuni. Hayo azimaneni kwa mkono, jina la mwenye kitabu likiwa ukurasa wa kwanza, na aliyeazima akirudishe kabla ya kuomba kingine.